Bomba la kwa Fundi Saa

"Hii ni salongo?"

Mzee alisimama mlangoni kwa kibanda changu cha kuchajia simu, fimbo mkono mmoja, mkono wa pili ameshika karatasi niliyoigawa asubuhi ile. Ilikuwa mwaka 2018, hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Karatasi iliwaita watu waje Jumamosi tuchore ramani ya kijiji chetu kwa simu zetu wenyewe.

Aliyekulia Kongo enzi za Mobutu anajua salongo ni nini. Ni kazi ya umma ya lazima, jembe na ufagio siku uliyopangiwa, na asiyetokea ana maelezo ya kutoa. Jirani zetu Wanyarwanda wana umuganda wao, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Waganda nao wana bulungi bwansi, kazi ya kulima njia na kusafisha visima kwa wema wa nchi, kama jina lenyewe linavyosema. Katika kijiji kimoja cha Nakivale maneno hayo matatu yanakaa ua kwa ua, na kila moja lina watu wanaolikumbuka kwa mapenzi na wengine wanaolikumbuka kwa uchungu.

"Hapana, papa," nikamwambia. "Anayetaka anakuja. Asiyetaka anabaki kwake, hakuna wa kumuuliza."

Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Sasa mtu aje kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kutakuwa na soda.

Tangu siku ile nimeratibu kazi mbili za namna hiyo, moja ya ramani na moja ya sauti, na swali la mzee limekuwa likinirudia kila mtu mpya anapoingia na kila wa zamani anapoacha kuja. Nimeamua kuandika niliyoyaona kwa sababu nawasikia watu wa miradi wakisema wakimbizi wamezoea kupewa, hawajui kujitolea. Mimi ni mkimbizi, nimeishi na wakimbizi wenzangu miaka mingi, na hilo si kweli.

Nilivuka mpaka pale Bunagana mwaka 2012, vita vya waasi wa M23 vilipotufikia Rutshuru, nikiwa na watoto wawili na mfuko wa nguo. Kongo nilikuwa nikifundisha shule ya msingi, ndiyo maana hadi leo wengi wananiita mwalimu. Nakivale iko wilaya ya Isingiro, ni makazi ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na haina uzio: mtu hupewa kiwanja, akajenga, akalima. Tuko Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, pamoja na wenyeji wetu Wanyankole wenye ng'ombe na migomba. Ukitaka kununua nyanya kwa mtu usiyejua kwao ni wapi, unaanza na Kiswahili. Mimi nilianza maisha na paneli moja ya jua na betri ya gari, nikawa nachaji simu kwa shilingi 500. Kila simu naibandika kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, naipanga kwenye ubao. Kwa hiyo waratibu wa mradi wa ramani walipotafuta mtu wa kuita watu walinijia mimi, maana simu nyingi za kijiji zilikuwa zinashinda kwangu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kujiandikisha akaichora na kuirekebisha. Steve Coast aliianzisha kule Uingereza mwaka 2004. Tetemeko la Haiti la Januari 2010 ndilo lililoonyesha nguvu yake: watu waliokaa majumbani mwao nchi za mbali walichora barabara na majengo ya Port-au-Prince kutoka kwenye picha za setilaiti, kwa siku chache tu, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo. Miaka miwili kabla yake wenzetu wa Kenya walikuwa wameunda Ushahidi, ambapo mwananchi alituma ujumbe kueleza vurugu alizoziona baada ya uchaguzi, nao ukawekwa kwenye ramani. Hapa Uganda, tangu 2011, U-Report ya UNICEF inawauliza vijana maswali kwa ujumbe mfupi usiolipiwa. Mmarekani Jeff Howe ndiye aliyeupa mtindo huu jina la Kiingereza, crowdsourcing, mwaka 2006. Sisi kijijini tuliuita kazi ya watu wengi, na kila mtu alielewa.

Nilipoonyeshwa kijiji chetu kwenye ramani hiyo mara ya kwanza, nilikuta tayari kuna mapaa. Watu wa mbali walikuwa wameyachora kutoka juu, moja moja, mabati yale yanayong'aa na maturubai meupe. Niliguswa sana. Mtu ambaye hajawahi kufika hapa alikaa usiku akazungushia mstari paa langu. Lakini yalikuwa mapaa matupu. Shule ilikuwa paa, kanisa paa, zahanati paa. Zizi la ng'ombe la jirani yetu Munyankole, duara la miti na miiba, lilikuwa limechorwa kama nyumba kubwa kuliko zote kijijini. Aliyelichora alifanya kazi yake kwa moyo, ila kutoka angani huwezi kusikia ng'ombe. Kilichobaki kilikuwa chetu: majina, njia za miguu, bomba linalotoa maji na lisilotoa.

Kizuizi cha kwanza nilikikuta bombani. Miaka miwili kabla ya hapo, shirika moja lilikuwa limekuja na tabuleti, vijana waliovaa fulana mpya, maswali ya maji nyumba kwa nyumba. Unachota jerikani ngapi? Unasubiri foleni muda gani? Mimi ndiye niliyewatembeza siku tatu nzima, nikawaambia watu majibu yatarudi, kwa sababu nami niliambiwa hivyo. Hayakurudi. Hata barua hatukuona. Sasa nimesimama bombani na karatasi zangu, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaweka jerikani chini, akaniambia mbele ya foleni nzima:

"Mwalimu, wale wenzako walihesabu jerikani zangu. Walizipeleka wapi?"

Foleni ikanyamaza ikingoja jibu langu. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba nilikosea kuwaahidi jambo lisilokuwa mikononi mwangu. Sijasahau joto lililonipanda usoni. Mtu akishaombwa akatoa, kisha alichotoa kikamezwa na ukimya, anayelipa deni hilo ni mwombaji wa pili. Wale wa kwanza walishaondoka na gari lao.

Jumamosi walikuja watu 19, na nilikuwa nimewategemea 40. Nilizunguka nikiuliza kila mmoja kwa upole kilichomleta. Kijana mmoja wa miaka kama 20 alitaka cheti. Alisema maisha yake yote amesomea shule tatu za nchi mbili na hana karatasi hata moja yenye jina lake lililoandikwa sawasawa. Mfanyabiashara wa Kisomali alitaka duka lake lionekane kwenye ramani ili wageni wasipotee njiani. Wasichana wawili walitaka kujifunza simu zinavyofanya kazi. Watatu walisema waziwazi wamefuata soda. Mmoja, mchungaji, alisema ametumwa na mke wake. Na mzee wa salongo alikuja na fimbo yake, akakaa nyuma, hakusema kilichomleta.

Wakati ule sababu kama hizo zilinikera kidogo. Nilitamani watu waje kwa kupenda kijiji chao. Sasa naona nilikuwa nawaonea. Kufika pale kulikuwa na bei. Aliyetoka Juru, upande mwingine wa Nakivale, alipanda boda. Aliyeacha kwenda leja-leja, yaani kibarua cha siku, kwenye shamba la mtu alipoteza kama shilingi 4,000 za siku ile, na hizo ndizo mafuta ya kula na sabuni. Simu inataka chaji, bando linataka pesa. Mkono mtupu haulambwi, nami nilikuwa nataka watu waulambe mkono wangu mtupu kisha niwasifu kwa moyo wao. Ukimrudishia mtu nauli hujamnunua. Umemwondolea hasara tu, ili aweze kuchagua kwa uhuru kama atakuja.

Hapo pia lugha ilinichezea. Mratibu kutoka Dar es Salaam alituandikia kwamba wajitoleaji watapata posho. Uganda posho ni ugali. Watu wawili walikuja na sahani. Nilijisikia vibaya kwa niaba yao, nikatoka mbio kutafuta unga na maharage, tukapika, na tangu siku hiyo kila Jumamosi ya ramani tulikula pamoja. Naamini chakula kile kilileta watu wengi kuliko fulana zote tulizogawa, kwa sababu waliokula pamoja waliulizana habari za wiki, na aliyekosa wiki moja alitafutwa.

Julai mwaka huohuo ikaja kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp na mingineyo. Kundi letu lilikuwa la WhatsApp. Asubuhi moja nikatuma ujumbe wa kupanga kazi, ukasomwa na watu wanne. Shilingi 200 zilikuwa bei ya mandazi, na mwenye watoto watano anajua mandazi ni nini. Mtu wa mbali angeangalia takwimu zake za mwezi ule akaandika kwamba hamasa imeshuka. Hamasa ilikuwepo palepale. Walikuja kibandani kwa miguu kuniuliza kazi iko wapi. Nikaanza kubandika ratiba ukutani, kando ya ubao wa simu, na watu wakarudi. Kodi ile ilifutwa mwaka 2021 ikawekwa asilimia 12 kwenye bando lenyewe, lakini ratiba ya ukutani sijaiacha.

Kuna jambo jingine ambalo waliobuni kazi hizi wakiwa mbali si rahisi walione. Mkimbizi anapoulizwa nyumba yake iko wapi, anajiuliza kwanza nani anataka kujua. Mama mmoja kutoka Burundi aliniita pembeni akaniuliza kama mtu akiwa kwao anaweza kufungua ramani hii akauona mlango wake. Nikamwambia anaweza kuona paa, jina lake hataliona. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Usiku ule sikulala vizuri. Jumamosi iliyofuata tulikubaliana wote: hatuandiki jina la mtu yeyote wala kabila la mtaa wowote, tunaandika mahali pa watu wote tu. Bomba, shule, zahanati, kanisa, msikiti, soko, mashine ya kusaga, njia. Baada ya uamuzi huo watu sita wapya walijiunga, na yule mama alikuwa mmoja wao. Nilijifunza kwamba mtu akipewa nafasi ya kusema "hiki hapana", anakuwa mwepesi kusema "hiki ndiyo".

Sasa nifike kwenye bomba.

Kijiji kina mabomba manne, na kwenye makaratasi ya ofisi yana namba. Kijana wa cheti alikuwa ameshika simu anaandika "Bomba namba 3", na yule mama aliyeniuliza habari za jerikani zake alikuwa kwenye foleni kama kawaida.

"Unaandika nini?" akamuuliza.

"Bomba namba 3, mama."

"Namba 3 ndiyo nini? Hapa ni kwa Fundi Saa."

Fundi Saa alikuwa mzee wa Bukavu aliyekuwa na meza ndogo kando ya bomba, akitengeneza saa na redio. Mimi mwenyewe nilimkuta. Alikuwa na lenzi aliyoifunga kichwani kwa mpira wa baiskeli, na akimaliza kutengeneza saa alikuwa anaiweka sikioni mwa mwenyewe aisikilize kabla ya kulipa. Alifariki, meza ikaondolewa, lakini ukimtuma mtoto maji bado unamwambia aende kwa Fundi Saa. Vijana waliofika baadaye hawakumjua wakadhani ni jina tu. Pale pale foleni ikageuka mkutano. Mmoja akasema tuandike namba kwa sababu ndiyo inayojulikana ofisini. Mwingine akasema ofisi haichoti maji hapa. Wanawake wakaanza kusahihishana mabomba mengine matatu: hili kwa Mwembe, lile kwa Padri, la juu Mbuyu Mkavu ingawa mti wenyewe haukuwa mbuyu.

Ramani ile ina kanuni moja ninayoipenda: jina la kwanza ni lile linalotumiwa na watu wa mahali hapo, na mengine yanaweza kuwekwa pembeni yake. Tukaandika "Bomba la kwa Fundi Saa", na namba ya ofisi tukaiweka kama jina la pili. Mama akataka kuona. Kijana akamgeuzia simu. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kisha akasema, "Umesahau kuandika kwamba kwa wiki mbili halitoi maji." Hilo nalo tukaliandika.

Wiki tatu baadaye tuliipata ramani ikiwa imechapishwa kwenye karatasi kubwa, tukaibandika ukutani kwenye ukumbi wa kanisa. Nilikuwa nimewasihi waratibu kwa wiki nzima kuhusu uchapishaji huo. Bajeti haikuwa nayo, ikabidi ipatikane. Watu walijaa. Sikuwahi kuona watu wakiangalia karatasi namna ile. Kila mmoja alitafuta kwanza kwake, halafu kwa ndugu yake, halafu kile alichokiandika yeye. Mama alisubiri msongamano upungue, akapangusa kidole kwenye kitenge, akakiweka juu ya neno Fundi, akakiacha pale. Aliniuliza kama karatasi itabaki. Nikamwambia inabaki. Jumamosi iliyofuata alikuja na wanawake watatu, na mtoto mgongoni, na jembe, kwa sababu alikuwa anapitia shambani baadaye.

Mwenyekiti wetu wa RWC, baraza la ustawi wa wakimbizi, alipoitwa kwenye kikao cha maji, aliiviringisha ramani akaenda nayo. Alisema alizoea kwenda na malalamiko, safari hii amekwenda na karatasi yenye mabomba manne na njia zinazoyafikia. Fundi alikuja baada ya miezi miwili. Sitasema ni ramani peke yake iliyomleta, maana watu walikuwa wamepiga kelele muda mrefu. Ninachojua ni kwamba maji yalipotoka, waliochora walisimama pale na jerikani zao wakiyaangalia kama watu waliozaa.

Tuliendelea mpaka tukawa 50 na zaidi. Katika kijiji cha pili, ambako hatukupata pesa za kuchapisha, tulianza na 30 tukamalizia na saba. Watu ni wale wale, shida ni zile zile, soda ile ile.

Kazi ya sauti ilikuja mwaka 2021. Common Voice ni mradi ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2017: mtu anasoma sentensi zinazomtokea kwenye simu, tano kwa zamu, wengine wanasikiliza na kusema kama amesoma sawa, na sentensi ikikubaliwa na wasikilizaji wawili inahifadhiwa. Sauti hizo zinatumika kuzifundisha mashine kusikia lugha. Kiswahili kilikuwa kimeingizwa, na mimi nilitaka Kiswahili chetu, cha watu waliokivusha mpakani, kisikike humo. Ulikuwa mwaka mgumu. Aprili 2020 mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa kwa asilimia 30, na Februari 2021 ukapunguzwa tena hadi kukatwa asilimia 40. Niliona haya kumwomba mtu mwenye njaa anipe sauti yake.

Kwa haya hiyo nikafanya kosa. Nikatafuta pesa kidogo, nikatangaza zawadi ya bando kwa atakayesoma sentensi nyingi kila wiki. Nilidhani nawasaidia. Wiki ya kwanza tulifurika. Vijana walisoma wakitembea, wakila, wakisoma mbio kama mnadani, huku spika ya kanisa ikipiga nyuma yao. Wawili waligombana juu ya simu. Waliozoea kusoma taratibu jioni wakiwa wamekaa waliona hawawezi kushinda, wakaacha. Nilipoishiwa na pesa za zawadi mwezi wa pili, walioshindana waliondoka siku moja, na wale wa taratibu hawakurudi mara moja. Nimefikiria sana tofauti ya zawadi ile na soda. Uganda tunatoa damu bila malipo. Ukimaliza unapewa soda na biskuti, unakaa kivulini. Soda inakwambia tumekuona, pumzika. Zawadi yangu iliwaambia watu kimbia mwenzako asikupite.

Aliyeniokoa ni mwalimu mstaafu kutoka Uvira, mtu wa msikitini, aliyekuwa akija kibandani baada ya isha kusikiliza sauti za watu na kuzipima. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu amekaa mbele yake. Usiku mmoja alinipa spika ya sikioni, uso wake umekunjamana.

"Msikilize huyu mama, dada."

Sauti ya mwanamke mzima, nzuri, ya kutulia. Sentensi ilikuwa "wanakwenda sokoni kila siku", naye alisoma "wanaendaka sokoni kila siku". Ndivyo tunavyosema Kongo, jambo la kila siku tunalitia -ka mwishoni.

"Lafudhi nakubali, hata r na l nakubali, kanuni inaruhusu," akasema. "Lakini hili si neno lililoandikwa. Lazima nimkatae. Na sitaki kumkataa."

Tukazungumza hadi betri ikaisha. Wazo lilikuwa lake: kama sentensi si zetu, tuandike zetu, kwa sababu mradi unapokea sentensi kutoka kwa mtu yeyote mradi azitoe bure kwa umma. Tukawaita watu, tukakaa na daftari. "Sombe ya jana imebaki kwenye sufuria." "Mvua ikinyesha, barabara ya Juru haipitiki." "Mtoto ameenda kwa Fundi Saa kuchota maji." Watu walicheka, wakabishana, wakaongeza. Walipozisoma baadaye, ungesikia tofauti hata bila kuambiwa. Hakuna aliyesoma mbio. Yule mama wa "wanaendaka" alisoma sentensi 60 jioni mbili, bila bando, na baada ya kila tano alikuwa ananiuliza kama mwalimu amezikubali.

Niliwaeleza wote jambo moja ambalo sikuambiwa nilieleze, kwamba sauti hizi zikishatolewa ni za kila mtu, hata kampuni kubwa inaweza kuzitumia kupata pesa bila kutuuliza. Watatu walikataa kuendelea. Mmoja aliuliza swali ambalo bado nalibeba: "Mwalimu, mimi nikifa, hiyo sauti itaendelea kusema?" Nikamwambia itaendelea. Akanyamaza, halafu akasema basi asomewe sentensi nyingine, macho yake hayaoni vizuri usiku.

Mzee wa salongo hakuwahi kukosa. Kwenye ramani alitembea na vijana akiwaambia njia za zamani. Kwenye sauti alisoma polepole na kukohoa, tukawa tunafuta na kurudia. Siku moja nilimkumbusha swali lake, nikamuuliza yeye mwenyewe anakuja kwa nini. Akasema huko kwao kwenye salongo walimhesabu kila wiki na hakuna hata siku moja aliyoulizwa anajua nini.

Kijana wa cheti alipata safari ya kwenda Marekani pamoja na familia yake. Cheti alikipata, jina limeandikwa sawasawa, akakifunga kwenye nailoni ndani ya Biblia. Nilidhani ramani ameiacha huku. Lakini ramani ile huhifadhi jina la mtumiaji kwa kila badiliko, na kila baada ya muda nikawa naliona jina lake: paa jipya, uzio wa shule, kituo kipya cha boda alichosikia habari zake kwa simu. Halafu juzi akaniandikia. "Mwalimu, nimechora njia ya kutoka kwa Fundi Saa kwenda ziwani. Picha haionyeshi vizuri, nimeichora kwa kukumbuka. Niangalizie kama bado ipo."

Nilikwenda kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kufungua kibanda. Nilianzia bombani, ambako foleni ilikuwa imeshaanza. Mwanzo wa njia ulikuwa vilevile alivyouchora, mpaka kwenye kichuguu. Baada ya kichuguu nikakuta mahindi, yamefika kifuani, na njia imezunguka shamba lote upande wa kushoto kabla ya kurudi kwenye mafunjo. Nikasimama kwenye umande, nikafuta mstari wake ulionyooka, nikachora mwingine unaozunguka, nikamtumia ujumbe kwamba nimeirekebisha.

Kwao ulikuwa bado usiku. Alijibu saa ileile: "Nani amelima pale?"